Kipimo cha Roho

Jumatatu, 4 Agosti

Mwezi wa saba tangu nitoke Webuye kuja huku pwani. Leo ni mchele. Gunia la mchele ni baya kuliko la sukari, linateleza begani na kukuvuta upande. Kazungu, mwenzangu katika gengi, amechelewa. Feri ilisimama katikati ya maji. Nyapara amemtukana mpaka akachoka yeye mwenyewe.

Kabla ya kazi nilimbebea Bi Zuhura maji hadi ghorofa ya pili. Ndiyo makubaliano yetu. Namjazia pipa, naye ananipunguzia kodi ya chumba cha chini ya ngazi hapa Kibokoni. Katikati ya ngazi roho ikaanza tena. Inadunda haraka, inajikwaa, halafu inanyamaza kidogo. Kule kunyamaza ndiko naogopa. Nilikaa kwenye ngazi na dumu mapajani mpaka ikarudi.

Kaka yangu Simiyu alikuwa na umri huu wangu alipoanguka akipakia miwa. Hakuna aliyempima. Tulimzika tukasema amerogwa. Nataka kupimwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa nusu siku. Zahanati ilijaa. Wamama, watoto, mzee mmoja aliyekohoa bila kufunika mdomo.

Daktari ni mtu wa hapa hapa, wa makamo, mpole lakini ana haraka. Akaniuliza nina nini. Nikasema roho inanisumbua nikibeba mzigo. Inanibana? Ndiyo. Nakosa pumzi? Ndiyo. Kazi gani? Ghala za Shimanzi, kubeba magunia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Akaniambia nifungue mdomo, niseme aa. Akamulika tochi ndani. Nilishangaa, lakini nikasema huyu amesoma, labda roho huonekana kupitia huko.

Akasema ni nyekundu kidogo, ni vumbi la ghala. Akanipa vidonge na kuniambia nisukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nimetoka bila kuelewa. Chumvi itafikaje kwenye roho?

Ijumaa, 8 Agosti

Nasukutua. Nikimaliza nameza kidogo, ili ifike.

Bi Zuhura alinisikia nikisukutua uani akauliza nina nini. Nikamwambia roho. Akasikitika kweli. "Roho yakuuma nawe wanibebea maji, mwanangu? Mbona husemi?" Akanipikia tangawizi, akatia asali na ndimu. Ni mtu mwema. Anauza mahamri mlangoni asubuhi, kwa hiyo kufikia saa nne mtaa wote ulijua mpangaji wake wa bara anaumwa na roho. Wazee wa baraza la jirani wananiuliza hali. Mmoja amesema niache kunywa maji ya barafu.

Roho haijabadilika. Leo imejikwaa nikiwa nimelala chali, sijabeba kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi kwa daktari. Nilijipanga njiani niseme nini. Nikamwambia vidonge vimekwisha, chumvi nimesukutua, hali ni ile ile, naomba aniandikie barua nikapimwe roho katika hospitali kubwa.

Alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa uchovu. Akasema hakuna anayepelekwa hospitali kubwa kwa ajili ya roho, watamfukuza yeye na mimi. "Funga kitambaa puani unapofanya kazi. Vumbi ndilo linalokuumiza." Nikamwambia kaka yangu alikufa kwa hiyo hiyo roho. Akaniangalia. Akasema pole, akaita anayefuata.

Nimekasirika. Nimekasirika na nimechoka, na hasira juu ya uchovu ni mzigo wa pili.

Jumanne, 12 Agosti

Kazungu anasema watu kama sisi hawapewi barua mpaka wabebwe kwa machela. Anasema wenye pesa hawaombi barua, wanakwenda tu, wanalipa, wanapimwa. Nikamuuliza ni wapi. Hajui. "Mimi nikiumwa nalala," akasema.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimuuliza Bi Zuhura. Akaniambia iko maabara ya kulipia barabara ya nyuma, mjukuu wake alipimwa roho pale na wakamwona na ugonjwa. Nimefurahi sana. Kumbe kipimo kipo, na daktari alininyima tu.

Pesa nitachukua kwenye akiba ya mabati. Nyumba itangoja. Sijamwambia Nekesa. Mke hana haja ya kulala macho upande ule kwa sababu yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Maabara ni safi, ina feni na viti vya plastiki. Msichana wa mezani aliuliza nataka kipimo gani. Kipimo cha roho. Hakushangaa hata kidogo. Nikajiona mjinga kwa kuogopa wiki zote hizi.

Akanikalisha, akachukua kijiti chenye pamba, akakiingiza mdomoni mpaka nyuma kabisa. Nilitaka kutapika. Machozi yalinitoka. Akasema vumilia kaka, imekwisha. Imekwisha? Nilitegemea mashine. Akasema pamba ile watailaza siku mbili waone kama kuna kitu kitaota.

Sisi tulioacha shule darasa la saba hatujui mengi. Nimelipa nikatoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Roho ni safi! Wamenipa karatasi, msichana amenisomea mwenyewe. Hakuna kitu. Nimemuuliza mara ya pili, akasema hakuna kitu, nenda kwa amani.

Nimepita soko la Marikiti nikanunua embe, nikala nikitembea. Nimempigia Nekesa nikazungumza naye mambo ya ng'ombe, na kwa mara ya kwanza sikuwa ninajilazimisha. Basi kujikwaa kule ni uchovu. Ni woga wa Simiyu. Mtu anaweza kujiumiza kwa mawazo tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimebeba kama kijana. Kazungu ananiita trela. Jioni miguu imevimba, viatu vimekataa kutoka. Ni kusimama sana.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeanguka.

Ulikuwa mchele tena. Lundo lilikuwa limefika juu, tunapanda kwa ubao. Kwenye ubao mtu hasimami. Foleni ikianza ni kama mkufu, ukisimama wewe wanagongana wote nyuma yako. Nilikuwa karibu na juu. Roho ikadunda, ikajikwaa, ikanyamaza, na safari hii ikakawia kurudi. Nikaona giza pembeni mwa macho. Nikatupa gunia upande. Hicho ndicho nakumbuka, kwamba nililitupa kulia ambako hakukuwa na mtu. Kisha niko chini, Kazungu ananipepea kwa boksi na nyapara anauliza nani atalipa mchele uliomwagika.

Hakuna aliyeumia. Begani nimechubuka. Kazungu alinifikisha nyumbani kwa tuktuk.

Nilikuwa na karatasi inayosema niko safi. Niliishika njia nzima. Sasa sijui niamini karatasi au niamini ubao.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika nikiwa na aibu, lakini naandika.

Asubuhi Bi Zuhura aliniletea uji. Nikamwambia, kiganja kifuani, nimeanguka, na roho wamesema ni safi. Akasema alhamdulillahi ya roho, sasa hicho kifua wakishikia nini? Nikamwambia ndiyo roho yenyewe inadunda. Akaweka bakuli chini.

"Roho iko wapi, mwanangu?"

Nikaonyesha hapa, upande wa kushoto.

Akajipiga paji la uso. Akaniambia hapo ni moyo. Akajishika shingo mbele, chini ya kidevu. "Roho ndiyo hii umezeayo mate. Wewe siku zote hizi wenda kwa watu wasema moyo wako ni roho!" Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Kwetu roho ndiyo hiyo inayodunda. Mtu akifa kwa ghafula tunasema roho ilisimama. Moyo tunaujua, lakini moyo ni wa nyimbo za kanisani na wa kupenda. Huku roho ni koo. Daktari alitibu koo. Wazee wa baraza walinihurumia koo. Msichana wa maabara alipima koo, nami nikalipa, nikala embe, nikapanda ubao.

Hakuna aliyenidanganya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, sina wa kumkasirikia.

Bi Zuhura amesema nisiguse maji yake tena. Atamtafuta mtu wa mkokoteni.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilidhani sasa ni rahisi. Nina neno sahihi, nitapewa barua.

Nilikosea. Daktari alinikumbuka. Nikamwambia si roho, ni moyo. Akaegemea kiti. "Wiki jana roho, leo moyo. Kesho utakuja na ini." Nikamweleza mambo ya kwetu na ya huku. Nikamwambia nimeanguka kwenye ubao. Anasema wabeba mizigo wengi wanakuja kwake kutafuta karatasi ya kupumzika, na kila mmoja ana hadithi nzuri. Akaweka kile chombo cha kusikilizia juu ya shati langu, muda wa kupiga chafya. Akasema unapiga. Nikamwambia najua unapiga, shida ni pale usipopiga. Akasema nina umri mdogo, nile vizuri, nipumzike, nirudi baada ya mwezi.

Barua hakuandika.

Nilitoka. Labda angekuwa mtu mbaya ningepiga kelele. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani. Nafikiri mimi ndiye niliyelitumia sikio lake vibaya mwanzoni, na sasa halisikii tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikwenda kazini. Nimelala. Juu yangu watu wanapanda ngazi na kushuka. Naogopa kufa katika chumba hiki, halafu wanisafirishe kwa michango.

Jumamosi, 23 Agosti

Kazungu amekuja na ndizi na habari. Dada yake anafanya usafi katika kliniki ya kulipia, na kuna daktari wa moyo anayekuja Jumatatu. Haulizi barua. Nikasema ya mabati itakwisha yote. Kazungu akasema, "Ndugu yangu, mabati yanaezeka nyumba ya mtu aliye hai."

Jumatatu, 25 Agosti

Kwanza niliweka kiganja kifuani kabla ya kusema neno lolote. Sikutaka makosa. Daktari huyu ni mwanamke, kijana kuliko mimi. Akaniambia nivue shati. Alisikiliza mbele, akasikiliza ubavuni, akanilaza upande, akasikiliza tena, muda mrefu, amefumba macho. Akabonyeza miguu, akatazama shimo lililobaki.

Kisha nyaya, kisha picha ya moyo, ile ya kupakwa mafuta baridi. Nimeuona. Kitu kidogo cha kijivu kinachohangaika. Kinafanya kazi kama sisi, bila kusimama. Akanionyesha mlango mmoja ndani yake usiofunga vizuri. Damu inakwenda mbele, nyingine inarudi nyuma. Moyo unabeba gunia lile lile mara mbili.

Akauliza kama nilipokuwa mtoto niliumwa sana na koo, nikapata homa na viungo kuvimba. Nikasema ndiyo, mimi na Simiyu, tulilala kitanda kimoja, na mama alitupa chumvi na majani. Akasema mara nyingi ndipo huanzia. Ugonjwa wa koo usiotibiwa hushuka kwenye moyo, ukakaa miaka mingi kimya.

Nikamuuliza kama Simiyu naye alikuwa na mlango huo. Akasema hawezi kumpima aliyezikwa, lakini hatashangaa.

Vidonge kila siku. Sindano kila mwezi, leo ya kwanza. Kubeba, basi. Hakusema kupunguza, alisema basi. Labda siku moja upasuaji, ataona. Barua ya hospitali kubwa ameniandikia bila kuombwa.

Nimetembea polepole mpaka nyumbani. Sikulia. Nilitegemea kulia.

Jumanne, 26 Agosti

Nyapara amesoma karatasi ya daktari kichwa chini, akaigeuza, akanirudishia. Amesema mtu asiyebeba si mtu wa gengi. Kweli. Kisha, baada ya kuzunguka ghala, akasema wanaoshona magunia yaliyopasuka wamepungukiwa. Malipo ni madogo. Nimekubali kabla hajamaliza.

Washonaji ni wamama watatu, wamekaa karibu na mlango. Mmoja amenisogezea kigoda. "Karibu shemeji, hapa hatukimbizani."

Jumapili, 31 Agosti

Mvua ndogo asubuhi. Nimelala mpaka jua limepanda. Uvimbe wa miguu umeshuka, viatu vinaingia.

Jioni nilimpigia Nekesa nikamwambia yote, tangu mwanzo. Halafu akauliza, ni nini cha kufanya? Nikamwambia mtoto yeyote akilalamika koo, wetu au wa Simiyu, asipewe chumvi akaachwa. Ampeleke zahanati siku hiyo hiyo, na wakimfukuza arudi tena. Akasema mdogo ameamka leo koo linamuuma. Nikamwambia kesho alfajiri. Akasema kesho alfajiri.

Hatukuzungumza mabati.

Sindano ya tatu ni Oktoba. Nikishachomwa hiyo nitapanda basi, na zilizobaki nitachomwa huko huko. Nategemea kuwa Webuye mwisho wa Oktoba.