Samli ya Shangazi

Runazi, 9 Julai

Shangazi Deodata,

Shikamoo. Huku maharage tumeshavuna, na mtoto anatambaa. Barua hii anakuletea Wiston mwenye duka, anakuja huko Murukulazo kununua ndizi.

Nilipimwa damu na mkojo mara nyingi, mwishowe ugonjwa ukapata jina: lupasi. Daktari anasema kinga ya mwili wangu inaushambulia mwili wenyewe. Hakuna aliyenipa. Hauponi, ila vidonge vya kila siku vinautuliza, na jua nilikwepe. Kwa hiyo nalima alfajiri tu.

Nilimuuliza juu ya samli uliyonipaka nilipojifungua, siku chache kabla ya mashavu kuwa mekundu. Akasema samli haina kosa.

Niliwaambia wazee wa ukoo, wale waliokufukuza kwa neno langu. Mmoja akauliza bei ya maharage.

Pale walipobomoa nyumba yako tulipanda mahindi. Yamekauka. Kila siku mume wangu ananituma nikayavune. Nikifika palipokuwa mlango wako napiga hodi, halafu narudi.

Mwanao,
Yuster