Amplifaya ya Kumsikia Mama Neema

Jumapili, baada ya kanisa

Wote wanaisimulia vibaya! Leo tena nje ya kanisa, jirani yangu Sichone kaanza: "Huyu mzee kanunua amplifaya kama mbuzi wa mnadani, kanyanyua tu!" Watu wakashika mbavu. Mshenzi. Masikio yake kazi yake ni kuzuia kofia isimfunike macho.

Mwenye masikio Tunduma hii ni mimi. Nilivuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, na sidii ya kwaya, ile marehemu mke wangu, Mama Neema, anaimba sauti ya pili. Nikamwambia muuzaji, "Sitaki mdundo wa baa, nataka nimsikie Mama Neema." Akaniwekea amplifaya tatu za homu thieta, moja moja. Kwenye ya tatu nikamsikia mpaka anavyovuta pumzi. Nikaichukua. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote.

Sasa imekaa hapa sebuleni inanguruma besi tu, mabati yanatetemeka. Yeye simsikii kabisa. Natamani niipige teke.

Haya, daftari, wewe huna mdomo. Siku ile dukani umeme ulikuwa umekatika. Nilizinyanyua zote tatu, nikachukua iliyo nzito kuliko zote.