Simu Yako ni Nzima

Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam.
7 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Evarista,

Nakusalimu sana. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mwanne anayekusomea awe mzima, na miguu ya mama iwe imepungua kuvimba. Mimi nipo, ila mgongo unanisumbua. Bado nabeba mizigo.

Nimeandika kwa sababu simu yangu iliingia maji juzi huko Jangwani, mvua ilipotukuta na mzigo. Namba zote zimepotea nayo, na sina hata moja kichwani.

Nilikuwa nimekuambia kwamba ikifika Jumatatu ufungue ukurasa wa chuo cha kufuma masweta, simu ikusomee tangazo na ujaze fomu mwenyewe, bila kumwomba mtu. Najua ulifungua. Najua simu ilisema "picha" ikanyamaza. Usiitupe, mdogo wangu. Simu yako ni nzima.

Ukurasa ule aliutengeneza Dhaval, kijana wa ofisi ya ghorofa ya nne ninakopandisha mizigo. Nilipomwambia huoni na unatumia simu inayosema, akaufanya upya. Kila kisanduku cha fomu alikipa maneno ya kusomwa, kila picha akaiandikia maelezo. Kisha akafunika kioo cha kompyuta kwa kanga, akajaza fomu kwa kusikiliza tu. Wenzangu walinicheka ngazini, "Kuli wa kompyuta huyo, mpisheni!" Sikujali.

Picha moja aliniachia niielezee mimi. Niliandika: Mikono miwili inafuma sweta jekundu. Mimi niliyeishia darasa la tano! Nilitaka uyasikie maneno hayo yakitoka kwenye simu yako.

Jumatatu asubuhi, kabla haujawekwa mtandaoni, alikuja Mzee Athanas, msimamizi wa chuo, kuukagua.

"Muhuri uko wapi?" akauliza. "Tangazo bila muhuri, watu si watasema sisi matapeli?"

"Mzee, mtandaoni muhuri wa nini?"

"Kijana, hii Bongo."

Wakauchapa ukurasa wote kwenye karatasi, tangazo na fomu, wakaugonga muhuri, wakaupiga picha kwa mashine. Picha hiyo ndiyo waliyoiweka, maandishi wakayafuta. Wenye macho wanaisoma, wanaichapa na kujaza kwa kalamu. Dhaval alibisha mpaka akaambiwa kazi yake imeisha.

Nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Mzee, mdogo wangu haoni." Akanijibu kwa upole kabisa, "Si atasomewa?" Nikashuka ngazi kufuata mzigo mwingine.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa hii. Barua nitampa kondakta wa basi la Masasi kesho, lakini mpaka mtu akuletee kijijini itakuwa Jumamosi. Nilitaka kukujazia, wanataka namba ya cheti chako na saini yako. Sina. Sijui nifanye nini.

Kuna jambo sikutaka kukuandikia. Ile mashine ya kupiga picha karatasi ililetwa Jumamosi, nzito kweli. Niliipandisha mimi, ghorofa nne, mgongoni, nikiwapigia watu kelele wapishe. Nilidhani ni ya kukusaidia wewe.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie ba'mdogo Eliasi na Selina, na Mwanne nimemshukuru kwa kukusomea. Mungu akutunze pale ambapo mimi nimeshindwa.

Wako akupendaye, kaka yako,
Shukuru