Bakuli la mtawa

Wakako, nimevunja bakuli la bibi. Lile la mtawa.

Unajua desturi, jeneza likitoka mlangoni linavunjwa bakuli la marehemu la wali, ili asitamani kurudi. Shangazi Fusae akaniambia, "Nenda jikoni kalete bakuli lake." Nikaleta lile nililozoea kumwona nalo mikononi kila asubuhi. Nikalibamiza mwenyewe kwenye jiwe la mlangoni, kwa nguvu zote.

Shangazi akauliza taratibu, "We mtoto, umevunja nini?"

La wali lilikuwa kabatini. Lile lilikuwa la chai. Yule mtawa wa Kibudha alilifinyanga kwa mikono yake, akachora shairi juu yake udongo ukiwa bado mbichi, miaka mia na hamsini iliyopita. Lilipona vita na matetemeko, halikupona kwangu.

Hakuna aliyenigombeza, Wakako. Bora wangenigombeza.

Mjomba Eizo ndiye pekee pale anayeweza kusoma mwandiko ule wa kale. Akapiga magoti, akapanga vipande kwenye leso yake. Nikamwambia anisomee. Akasema, "Achana nayo, mama." Nikamng'ang'ania. Akasoma:

"Nikiondoka, bakuli langu liacheni palepale. Mti wa plamu ukichanua, nitarudi kunywa chai."

Miaka yote ile bibi alikuwa analishika tu, anatabasamu. Sikuwahi kumuuliza limeandikwa nini.

Nimemfungia bibi mlango wa kurudi, Wakako. Na mti wa plamu wa uani umechanua leo asubuhi.