Nilimnyima Kuisikia Sauti ya Dada Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana jambo hili nyumbani sina wa kumweleza.

Mimi ni mtunza santuri katika maktaba ya redio, na mwaka juzi mwezi wa tatu alikuja mama mmoja mshonaji, mtu mzima wa miaka sabini, akaniambia dada yake aliwahi kurekodi wimbo mmoja akiwa msichana, akafariki mwaka uliofuata, na santuri yao ya nyumbani ilivunjika wakati wa kuhama, basi nikatafuta rafuni nikaipata, huenda ndiyo pekee iliyobaki, lakini hakimiliki ilikuwa bado ya kampuni iliyorekodi, miaka hamsini ya haki hiyo ilikuwa inaisha Desemba, nikamwambia, "Mama, vumilia, Januari nakunakilia bila shida," akaondoka anacheka.

Novemba sheria ikabadilishwa, hamsini ikawa sabini, na mimi sikuwa na uso wa kumpigia simu, hadi siku ya kwanza ya kazi Januari nikamkuta kwenye benchi la mapokezi, flashi kaifunga kwenye leso, nikamweleza huku naangalia meza.

"Miaka ishirini tena, mwanangu?" akasema. "Nitakuwa na tisini na moja. Basi niwekee nisikie mara moja tu, niende zangu."

Nikamjibu kanuni haziruhusu. Ukweli ni kwamba kanuni zenyewe sikuwa nimezisoma, nilimwogopa bosi.

Wiki iliyopita amekuja binti yake. Mama aliugua homa kali, akapona, lakini hasikii tena, masikio yote mawili. "Amenituma nisikilize mimi," binti akasema, "halafu nimwandikie jinsi mama mkubwa alivyokuwa anaimba." Nikamwambia arudi Ijumaa ya wiki hii. Sasa mshauri, nimnakilie kwa siri?

Mtunza santuri

*

Mtunza santuri,

Pole, najua inauma. Lakini sitakubembeleza. Sheria ilikuzuia kunakili, haikukuzuia kumvutia mama wa watu kiti. Walioongeza ile miaka hawakumjua. Wewe ulikuwa naye hapo mezani, na santuri iko rafuni. Aliyemnyima ni wewe, kwa woga na kwa uvivu wa kusoma kurasa chache.

Usinakili kwa siri. Ukifukuzwa, atakayeshika nafasi yako atafunga kila kabati, na wapo wengine wengi wanaotafuta sauti za watu wao. Kesho asubuhi ingia kwa bosi na kanuni mkononi, umuulize waziwazi kama mtu anaweza kusikiliza humo humo ndani. Nitashangaa akikataa. Siku hiyo hiyo iandikie kampuni yenye haki, uombe nakala moja kwa ajili ya familia. Wakikataa, angalau uliomba, jambo ambalo mwaka mzima hukulifanya.

Ijumaa mkalishe binti, mpe karatasi, rudia wimbo mara atakazotaka, na usiangalie saa.

Kisha fuatana naye hadi nyumbani kwa mama. Usimtume binti akusemee. Andika mwenyewe kwamba siku ile santuri ilikuwepo na ungeweza kumwekea. Andika kwa herufi kubwa, umkabidhi mkononi, ukae hapo hadi amalize kusoma.