Mama Mkwe Hataki Chakula cha Moto wa Mavi ya Nguruwe

Shangazi Losa, naomba unishike mkono kabla sijafungasha nguo zangu, maana mama mkwe wangu, Akenese, amegoma kula ninachopika, sasa anakula kwa jirani na kijiji kizima kinaona, na chanzo ni shimo tulilochimba mimi na mume wangu Sefo nyuma ya zizi la nguruwe, tukalijengea vizuri, tunatia mavi, nyasi na maganda ya taro, yaani magimbi, vikioza inatoka gesi, moto wa buluu, hauna moshi wala harufu, nikafurahi mno hata kwenye kikao cha wanawake wa kanisa nikasimama nikasema, "Jamani, njooni muone jiko, si lile pango la moshi la mama," wakacheka sana, na tangu siku hiyo mama anasema, "Mimi sili kinyesi," naye Sefo anamwogopa, ananiambia, "Fukia tu, yaishe," lakini shangazi, wanangu wameacha kukohoa, kuni siokoti tena, sasa nifukie au nirudi kwetu?

Fuatino, kisiwani Savai'i

Fuatino, hufungashi kitu, na shimo hulifukii. Watoto wamepona, halafu uwarudishe moshini? Hapo msimamo wako ni sahihi, na Sefo mwambie mimi ndiye niliyesema.

Lakini mdomo wako nao! Kwenye hilo "pango" ndiko mama alikompikia mumeo mpaka akakua ukampenda, leo unamfanya kichekesho. Unadhani anachukia mavi? Taro anayokula si imekuzwa kwa mbolea hiyohiyo? Kilichomchoma ni maneno yako.

Ulimwaibisha mbele ya watu, basi mwombe radhi mbele ya watu haohao. Kikao kijacho simama, mtaje kwa heshima, useme umekosa, ukae. Neno "lakini" liache nyumbani.

Jumapili, mpishi ni yeye, kwenye tanuri lake la mawe ya moto. Usiguse, usishauri, subiri akutume. Siku nyingine pika kwa gesi yako bila kujificha. Na kakao yake ya asubuhi usimpelekee. Mwite: "Mama, njoo uwashe jiko uipike mwenyewe, mimi naiharibu." Atanung'unika, mwache. Akishika kiberiti mwenyewe, akauona ule moto na pua isisikie kitu, atakunywa.

Halafu siku utakapomsikia akiwaambia wageni kuwa jiko hilo ni lake, wewe nyamaza, mwongezee sukari.