Tulipobadilishana Viti

Shoga, usinipigie. Niko chooni hapa kwa mshauri wa familia, nimefungulia bomba wasinisikie nikilia.

Mshauri ametubadilisha viti mimi na binti yangu. Mimi niwe yeye, yeye awe mimi. Nikajua atanivunja mbavu tu, si unamjua kwa vituko.

Nikajifanya nalia, eti sitaki shule. Basi yule mtoto wa miaka saba akakaa wima, akagonga meza kwa kidole mara mbili, akasema polepole, "Lia kimyakimya. Majirani wamepumzika."

KIMYAKIMYA. Na kidole kile kile!

Unamkumbuka mama yangu? Ndiyo maneno yake, neno kwa neno. Tuliishi ukuta mmoja na wewe miaka yote ile na hukuwahi kunisikia nikilia. Sasa ujue kwa nini.

Mshauri akauliza kwa upole, "Nyumbani nani huongea hivi?"

Nikadakia, "Bibi yake." Mdomo huu jamani!

Akafungua fomu niliyoijaza asubuhi. "Bibi yake si alifariki kabla huyu hajazaliwa? Umeandika hapa mwenyewe."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Siku tunamzika mama niliapa mwanangu hatayasikia maneno yale. Na haki ya Mungu sikumbuki kuyasema. Sikumbuki hata siku moja.

Ngoja, anagonga mlango wa choo. Mara mbili, kwa kidole.

"Mama, nimeigiza vizuri?"